Masikio ya mstaafu wa jeshi: majibu ya barua zenu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu wazee waliolitumikia jeshi: mlio wa masikioni usiokwisha, mashine za kusikia zilizolala kabatini, watoto waliochoka kurudia neno lile lile. Tumezikabidhi kwa wataalamu wa usikivu wanaohudumia wastaafu hapa Dar es Salaam, nao wanalisisitiza jambo moja tangu mwanzo: sikio lililoumizwa na mizinga lina vipimo vyake na huduma yake, na mzee aliyeambiwa "ni umri tu" bila kupimwa bado hajahudumiwa. Barua zimefupishwa.

Anasikia, ila haelewi

*Shikamooni. Baba yangu ana miaka 68. Alipigana vita vya Kagera akiwa kijana, akabaki kwenye mizinga hadi alipostaafu. Ukimwita anageuka, ukimweleza jambo anajibu jingine kabisa. Kwenye daladala na kwenye harusi hashiki chochote. Ndugu wengine wanasema ni uzee, wengine wanasema anasikia anachotaka. Nani yuko sahihi?*
Binti wa mstaafu, Ukonga

Marahaba. Wanaosema anachagua cha kusikia wamekosea kabisa, na wanaosema ni uzee wameshika nusu ya jambo.

Risasi ya bunduki ya SMG hutoa kishindo cha takribani desibeli 155 hadi 160 kwenye sikio la anayefyatua. Mizinga ya milimita 122 hupita 170. Mpaka unaotumika kwa kishindo cha ghafla ni 140. Juu ya hapo hata mlio mmoja unaweza kuharibu chembe za kusikia zilizomo kwenye koklea, ule mrija uliojisokota kama konokono ndani kabisa ya sikio, na chembe hizo zikishakufa hazioti tena. Zinazotangulia ni zile zinazopokea sauti nyembamba za juu, kati ya hezi 3000 na 6000.

Sasa angalia Kiswahili chetu kinavyotamkwa. Irabu zina nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini, ambako sikio la baba bado linafanya kazi. Herufi kama s, sh, f na ch ni pumzi tu, hafifu, na ziko juu, ambako chembe zimekwisha. "Kata", "pata" na "fata" zote zinamfikia kama "ata", naye inambidi akisie. Akikisia vibaya, anajibu jingine. Kwenye daladala ngurumo ya injini inafunika hata zile konsonanti chache zilizosalia.

Uzee nao huchukua sauti za juu, lakini kwa mchoro tofauti. Kwenye audiogramu, yaani mchoro wa matokeo ya kipimo cha usikivu, usikivu wa uzee hushuka taratibu na kuendelea kushuka hadi hezi 8000. Wa kishindo huchimba shimo kwenye 3000, 4000 au 6000, kisha mstari unapanda tena kidogo kwenye 8000. Mzee akishafika umri wa baba yako michoro miwili hulaliana na shimo huanza kufutika, ndiyo maana mpimaji anapaswa kuuliza alikuwa kikosi gani, silaha gani, miaka mingapi, na alifyatua kwa bega lipi. Anayetumia bega la kulia kwa kawaida huumia zaidi sikio la kushoto, kwa kuwa ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki huku la kulia likikingwa na kichwa chake mwenyewe.

Kuna kundi jingine ambalo linatuumiza roho kwa sababu hurudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa "usikivu wa kawaida". Hawa walikuwa karibu na mlipuko. Audiogramu yao inakaribia kuwa sawa, lakini njia za neva na ubongo zinazochambua maneno kwenye kelele zimeguswa. Kipimo cha milio kwenye chumba kimya hakiwezi kuwagundua. Kama baba ataambiwa yuko sawa, mwombe mpimaji ampime pia kwa maneno yanayosomwa penye kelele.

Mpelekeni kwenye hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo, Muhimbili ikiwemo. Kama anatibiwa hospitali ya jeshi ya Lugalo, aanzie huko huko kuomba rufaa. Wakati mnasubiri, mwiteni kwa jina kwanza, mkae mbele yake umbali usiozidi mita moja, uso wenu uwe kwenye mwanga, na televisheni izimwe, kupunguza sauti hakutoshi. Msipige kelele: ukipaza sauti zinazokua ni irabu, ambazo anazisikia tayari. Asipoelewa, badilini maneno badala ya kurudia yale yale. Saa, tarehe, kiasi cha fedha na dozi za dawa ziandikwe kwenye karatasi.

Naogopa kile kibanda

*Nina miaka 61, nilikuwa kwenye kikosi cha kulinda amani Darfur. Nimepangiwa kipimo cha masikio, na nimeambiwa nitafungiwa kwenye kibanda kidogo na kuvalishwa vipokea sauti. Sipendi kufungiwa, na sipendi sauti za kushtukiza. Kinafanyika nini mle ndani?*
Mstaafu, Gongo la Mboto

Shikamoo mzee wetu. Ulichoandika ndicho cha kumwambia mpimaji kabla hujaingia, tena kwa maneno hayo hayo. Mpimaji anayejua kazi yake atakuweka mahali unapouona mlango na dirisha, atakuonyesha kwamba mlango unafunguka kutoka ndani, na atakubaliana nawe ishara ya kusimamisha. Una haki ya kusimamisha kipimo wakati wowote na kuendelea baada ya mapumziko.

Kwanza atasikiliza historia yako. Beba orodha ya dawa zote, hata za zamani: sindano za kifua kikuu za streptomaisini, kanamaisini au amikasini, jentamaisini, kwinini, baadhi ya dawa za saratani, na dawa ya kupunguza maji mwilini iitwayo furosemide zote zinaweza kugusa sikio. Kisha atachungulia masikio kwa taa. Nta ikiwa imeziba itatolewa kwanza. Tafadhali usijaribu kuitoa mwenyewe kwa pamba ya kijiti, njiti ya kiberiti, unyoya au ufunguo; huisukuma ndani na mara nyingine hutoboa ngoma ya sikio.

Baada ya hapo kuna timpanometria. Kizibo laini kinawekwa sikioni, unahisi msukumo mdogo kama uko kwenye ndege inayoshuka, na mashine inasoma jinsi ngoma inavyocheza. Hapa ndipo penye onyo: mara nyingi hufuatiwa na kipimo cha misuli ya ndani ya sikio, ambacho hutoa milio mikubwa ya ghafla. Kwa mtu anayeshtuka kwa sauti, au mwenye mlio mkali masikioni, tunashauri kiachwe au kifanywe mwishoni baada ya maelezo. Sema kabla.

Ndani ya kibanda wewe ndiye mwenye kitufe. Unasikia mlio, unabonyeza, hata ukiwa mdogo kiasi cha kukutia shaka. Mpimaji anapunguza sauti kwa desibeli 10 kila ukijibu, anaongeza kwa 5 kila usipojibu, hadi apate kiwango cha chini kabisa unachokisikia. Anafanya hivyo kwa kila sikio kuanzia hezi 250 hadi 8000, na 3000 na 6000 zisirukwe kwa mwanajeshi. Kisha anaweka kitetemeshi kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ukisikia vizuri kwa mfupa kuliko kwa hewa, tatizo liko nje au katikati ya sikio na pengine linatibika. Vikilingana, liko ndani. Mwisho ni maneno ya kurudia. Mle kibandani hutakaa muda mrefu. Dakika 20 hadi 30 hutosha.

Kwa saa 14 hivi kabla ya kipimo kaa mbali na jenereta, mashine ya kusaga, msumeno wa umeme na spika za shughuli. Sikio lililochoka kwa kelele hushuka kwa muda, na matokeo hutoka mabaya kuliko ulivyo.

Ukipewa karatasi, Shirika la Afya Duniani linahesabu hivi kwa sikio lenye nafuu: chini ya desibeli 20 ni kawaida, 20 hadi chini ya 35 upungufu mdogo, 35 hadi chini ya 50 wa kati, 50 hadi chini ya 65 wa kati unaoelekea mkubwa, 65 hadi chini ya 80 mkubwa, 80 hadi chini ya 95 mkubwa sana. Usihuzunike wala usifurahi kwa namba hiyo peke yake. Wastani wake unachukua hezi 500, 1000, 2000 na 4000, kwa hiyo mtu mwenye shimo refu kwenye 4000 anaweza kusomeka "mdogo" na bado ashindwe kufuata mazungumzo barazani.

Leo 70, wiki ijayo 50

*Ninapima usikivu kwenye kliniki moja Temeke. Baadhi ya wastaafu wanakuja kutaka ripoti kwa ajili ya madai ya fidia. Mtu huyo huyo leo anatoa desibeli 70, wiki ijayo 50. Nitajuaje nani anaongeza chumvi?*
Mpimaji, Temeke

Anza na chumba chako, kisha mashine yako, kisha namna yako ya kupima. Mgonjwa awe wa mwisho kushukiwa.

Kipimo kikirudiwa kinaruhusiwa kupishana kwa 5 juu au chini. Zaidi ya hapo kuna sababu. Kiyoyozi, jenereta ya jirani na honi za barabarani huharibu zaidi hezi 250 na 500. Kama hizo ndizo zinazopanda na kushuka, tafuta kelele. Mashine irekebishwe viwango na fundi aliyethibitishwa mara moja kwa mwaka, na kila asubuhi jipime mwenyewe kwenye hezi mbili tatu, ukichezesha nyaya za vipokea sauti. Waya uliokatika ndani hutoa sauti ukikaa sawa na kupoteza ukisogea; hapo mzee anaonekana anadanganya, kumbe anajibu anachosikia.

Kwa wazee, vipokea sauti vya kubana nje ya sikio vinaweza kulaza tundu la sikio hadi likajifunga. Utaona pengo kati ya hewa na mfupa kwenye sauti za juu wakati timpanometria iko safi. Tumia vya kuingiza ndani na pengo linatoweka.

Halafu kuziba sikio la pili kwa kelele. Kwa vipokea sauti vya nje, sauti huanza kuvuka kichwa ikizidi desibeli 40 hivi. Kiwango cha hewa cha sikio unalopima kikizidi cha mfupa cha sikio la pili kwa 40 au zaidi, lazima uzibe. Vya kuingiza ndani vinakupa nafasi zaidi, walau 55. Kwa kipimo cha mfupa ziba pengo likizidi 10. Tunakutana na ripoti nyingi za sikio moja "bovu kiasi" ambalo kwa kweli halisikii kabisa. Lililojibu ni lile zima la upande wa pili. Kwa mwanajeshi aliyelipukiwa upande mmoja, kosa hili linamnyima huduma anayostahili.

Mlio wa masikioni nao huvuruga. Mzee hajui kama anachosikia ni mashine au ni kichwa chake. Tumia mlio wa kukatika-katika badala ya ule mrefu, na umweleze abonyeze kwa ule unaokatika tu. Mara nyingi matokeo hutulia hapo hapo. Usisahau uchovu: mtu aliyeamka saa 10 alfajiri kuja kupanga foleni hajibu kama aliyelala vizuri.

Ukishamaliza hayo yote, linganisha. Wastani wa 500, 1000 na 2000 unapaswa kukaribiana na kiwango cha chini anachoweza kurudia maneno. Tofauti ikizidi 10, na maneno ndiyo mazuri, kuna jambo. Angalia pia kibandani: anadai 70 kwa masikio yote lakini anajibu swali lako la sauti ya kawaida ukiwa umemgeuzia mgongo. Rudia kipimo ukipanda kutoka kimya badala ya kushuka. Kama sikio moja ndilo linalodaiwa kuwa bovu, na tofauti ni 20 au zaidi, tumia kipimo cha Stenger: peleka mlio huo huo masikio yote kwa pamoja, 10 juu ya kiwango cha sikio zima na 10 chini ya kiwango kinachodaiwa cha sikio bovu. Anayesema kweli atausikia kwenye sikio zima na kubonyeza. Asiyesema kweli atausikia upande "mbovu" tu, naye atanyamaza. Kwa waliobaki kuna vipimo visivyohitaji jibu: mwangwi wa koklea, ambao ukiwepo unaonyesha chembe za nje zinafanya kazi na usikivu kwa kawaida hauzidi ubovu wa 30 hadi 35, na kipimo cha mawimbi ya neva ya kusikia.

Maneno ya kupimia yawe ya Kiswahili. Orodha za Kiingereza zinazokuja na mashine zinapima Kiingereza cha mzee. Andaa maneno ya silabi mbili anayoyajua kila mtu, yarekodiwe kwa sauti moja, na usiyasome kwa mdomo wako leo kwa nguvu na kesho kwa upole.

Marekani, ambako mlio wa masikioni na upungufu wa kusikia umeongoza kwa miaka mingi orodha ya ulemavu unaolipiwa fidia na idara yao ya wastaafu wa vita, kipimo cha fidia lazima kifanywe na mtaalamu wa usikivu mwenye leseni, bila mashine za kusikia masikioni, kikiwa na milio na orodha moja ya maneno inayotumika kote. Hesabu yao inatumia hezi 1000, 2000, 3000 na 4000. Faida ya utaratibu huo kwako ni kwamba 3000 na 4000 zimo ndani, na ndizo zinazobeba jeraha la kishindo.

Kwenye ripoti usiandike "mwongo". Andika kwamba majibu hayakuwa thabiti, taja vipimo ulivyofanya na tofauti ulizoziona, na pendekeza kurudia. Wapo wanaoongeza chumvi kwa sababu wana jeraha la kweli na wanaogopa halitaonekana. Ukimwambia kwa heshima kwamba mashine haijaridhika na mnahitaji kuanza upya, wengi hujibu sawasawa mara ya pili.

Usiku linavuma kama nyenje

*Masikio yangu yanavuma mchana na usiku tangu niko kazini. Usiku ndiyo balaa. Nimetumia matone ya mitishamba, nimeweka pamba masikioni, haisaidii.*
Mzee wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Matone yaache leo. Mlio wako hautoki kwenye tundu la sikio, kwa hiyo hakuna cha kudondoshea kitakachoufikia, na ngoma ikiwa na tundu unaweza kuongeza jeraha. Pamba nayo itoe: ukizima sauti za nje, ubongo huongeza usikivu wake na mlio hukua, kisha sauti za kawaida kama sahani kugongana zinaanza kukuumiza.

Chembe zilipokufa, ubongo ulikosa habari za sauti za juu, nao ukajaza nafasi kwa sauti yake wenyewe. Hakuna kidonge kinachoifuta. Kinachowezekana, na kinapatikana kwa wengi, ni ubongo kuizoea hadi isikusumbue. Kama una upungufu wa kusikia, mashine zilizorekebishwa vizuri ndizo dawa ya kwanza, kwa sababu zinarudisha sauti zilizokosekana. Usiku usilale kwenye ukimya. Feni, au sauti ya mvua kwenye simu, iwe chini kidogo ya mlio wako. Ukiufunika kabisa ubongo hautaweza kuuzoea. Amka saa ile ile kila siku hata kama umelala vibaya. Ushauri nasaha unaofundisha kubadili namna ya kuufikiria mlio una ushahidi mzuri, na kwa mstaafu mwenye ndoto za vita ni vema ukaenda pamoja na matibabu ya hizo ndoto, maana kukosa usingizi na mlio vinakuziana.

Nenda hospitali bila kuchelewa kama mlio uko sikio moja tu, kama unadunda pamoja na mapigo ya moyo, au kama umeambatana na kizunguzungu. Na kama usikivu umepotea ghafla, ndani ya siku tatu, hiyo ni dharura: dawa za steroidi hufaa zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Pima pia presha, na mwambie daktari kama umekuwa ukitumia kwinini au aspirini nyingi.

Mashine inapiga filimbi na betri haidumu

*Babu alipewa mashine mbili za nyuma ya sikio. Moja inapiga filimbi, nyingine inakufa baada ya siku mbili kila tukibadili betri. Sasa ameziweka kabatini, anasema bora uziwi.*
Mjukuu, Mbagala

Filimbi ni sauti iliyokwishakuzwa inayovuja na kurudi kwenye kipaza sauti cha mashine. Vueni mashine ikiwa imewashwa na mzibe kwa kidole tundu la moldi, kile kizibo kilichochongwa kwa umbo la sikio lake. Filimbi ikikoma, mashine ni nzima na uvujaji uko sikioni: nta imejaa, moldi haijaingia hadi mwisho (ile ncha ya juu husahaulika nje ya mkunjo wa sikio), au babu amekonda na moldi imelegea, ichongwe nyingine. Ikiendelea, uvujaji uko kwenye mrija au ndani ya mashine. Mrija ukiwa wa njano, mgumu, au una ufa karibu na kiungo, badilisheni. Kwa joto na jasho la Dar, miezi mitatu hadi sita ndiyo maisha yake.

Betri hizi hufanya kazi kwa hewa. Zina karatasi ndogo ya rangi: kahawia ni namba 312, chungwa ni 13, bluu ni 675. Ukishaibandua hewa inaingia na haizimiki tena hata ukiirudisha, kwa hiyo kubandua zote mbili tatu "ziwe tayari" ni kuzitupa. Bandua moja, iache wazi dakika mbili hadi tano, ndipo uiingize. Namba 13 kwa kawaida hudumu siku 6 hadi 14. Siku mbili maana yake betri zimeisha muda, zilikaa kwenye joto la dirisha la duka, mlango wa betri unaachwa umefungwa usiku, au unyevu umeingia na kuna kutu ya kijani kwenye vibanio. Angalieni hilo la mwisho kwanza.

Unyevu wa pwani ndio adui mkubwa wa mashine hizi hapa kwetu. Kila usiku fungueni mlango wa betri, toeni betri, futeni mashine kwa kitambaa kikavu, kisha iwekeni kwenye kopo lenye mfuniko usiopitisha hewa pamoja na chembechembe za silika za kukausha. Zinapobadilika rangi zimeshiba unyevu, zibadilisheni au zikausheni upya. Msizike mashine kwenye mchele. Vumbi lake huziba vipaza sauti. Msianike juani, msipulizie mashine ya kukaushia nywele. Matone ya maji kwenye mrija yapulizwe kwa kipampu kidogo baada ya kuutenga mrija na mashine.

Hayo yakishanyooka, bado babu atakataa kama sauti hazikurekebishwa kwa sikio lake. Muulizeni mtaalamu kama aliweka kimrija chembamba cha kupimia ndani ya sikio la babu wakati mashine ikifanya kazi. Mpangilio wa kiwandani pekee mara nyingi hautoi sauti za juu anazozihitaji, au unazitoa kwa ukali. Kwa mwanajeshi ni lazima pia kuweka kikomo cha sauti kubwa: mlango ukibamizwa mashine isimrushe kitini. Aanze saa mbili hadi nne kwa siku, ndani, mkiwa wawili. Aongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Sokoni na kwenye daladala baadaye. Avae zote mbili, maana sikio moja halijui sauti imetoka wapi.

Vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa mitaani, Kariakoo vimejaa, vinakuza kila kitu kwa kiasi kile kile. Kwa mtu ambaye sauti za chini anazisikia vizuri, vinamletea ngurumo na si maneno.

Kama mashine zenye nguvu, zilizorekebishwa sawasawa, bado hazimpi maneno, ulizeni Muhimbili kuhusu upandikizaji wa kifaa cha koklea. Huduma hiyo ilianza pale mwaka 2017.

Ngoma ya sikio tangu milipuko

*Nilikuwa nyumbani Mbagala siku mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka. Sikio la kulia lilitoka damu. Hadi leo likiingia maji linatoa usaha.*
Mama wa Mbagala

Pole sana mama. Milipuko ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto ya tarehe 16 Februari 2011, iliumiza masikio ya raia kama vita inavyoumiza ya askari. Ngoma iliyotobolewa na mlipuko mara nyingi huziba yenyewe ndani ya miezi mitatu kama tundu ni dogo na sikio likabaki kavu. Lako halikuziba, na halitaziba sasa bila upasuaji. Mwone daktari wa masikio: usaha ukaushwe kwanza, usikivu upimwe kwa hewa na mfupa, kisha mjadiliane kuziba tundu. Hadi hapo, unapooga weka pamba iliyopakwa vaselini kwenye mlango wa sikio, usiogelee, na sikio lisioshwe kwa maji ya bomba la sindano, hata kliniki. Usaha wenye harufu kali, kizunguzungu au uso kupinda upande mmoja usisubiri kesho.

Nataka kusomea kazi hii

*Nipo kidato cha sita, PCB. Nisome nini ili niwahudumie wastaafu wa jeshi?*
Mwanafunzi, Kinondoni

Mchepuo wako unafaa, fizikia hasa. Bila mawimbi na logarithimu hutaielewa desibeli. Usichanganye na udaktari wa masikio, pua na koo, ambao ni udaktari wa binadamu kisha ubingwa. Afrika Kusini na India zina shahada ya kwanza ya usikivu ya miaka minne. Marekani ni shahada ya udaktari wa usikivu, kwa kawaida miaka minne baada ya shahada ya kwanza. Kabla ya kulipa ada, uliza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama shahada ya chuo hicho inatambulika. Taaluma yenyewe ilikua kutokana na askari waliorudi wakiwa viziwi kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Raymond Carhart, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wake, aliwahudumia kwenye hospitali ya jeshi ya Deshon huko Pennsylvania. Ukiwa chuoni tafuta mafunzo ya vitendo kwenye kizunguzungu na kwenye afya ya akili, kwa sababu mstaafu huja navyo pamoja na sikio.

Kijana anaenda JKT

*Mwanangu anakwenda mafunzo ya JKT na atalenga shabaha. Nimnunulie nini?*
Mzazi, Tabata

Vizibo vya sponji, jozi kadhaa. Mfundishe nyumbani, maana kizibo kilichoingia nusu ni sawa na hakuna. Mikono safi, akisokote kiwe chembamba bila mkunjo, kwa mkono wa pili apitishe juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, akisukume ndani na kukishikilia sekunde 20 hadi 30 kikivimba. Akiongea na sauti yake kusikika nzito ndani ya kichwa, kimekaa. Asikitoe mpaka wote mstarini wamemaliza kufyatua, kwa sababu risasi ya jirani nayo inatosha kuumiza. Masikio yakivuma au kuwa kama yameziba na hali hiyo ikafika siku ya pili, aripoti zahanati ya kambi siku hiyo hiyo na aombe apimwe usikivu.